Ogani za Baroque: maswali ya wanaolinganisha rekodi

Nimekuwa nikiwatumia wenzangu wa kwaya rekodi za Bach na Buxtehude, watunzi wa muziki wa ogani wa zama za Baroque (karne ya 17 na ya 18 huko Ulaya), kwa miaka kadhaa sasa, na kila nikituma mbili za kipande kimoja simu hujaa maswali. Mengi ni yale yale, kwa hiyo nimeyaweka pamoja. Mimi ni mpiga kinanda wa kanisani na msikilizaji sugu, si profesa wa muziki. Pale ninapopendelea upande mmoja utaona mwenyewe.

Nimesikiliza rekodi mbili za kipande kimoja, zikawa kama nyimbo mbili tofauti. Nani kakosea?

Hakuna aliyekosea. Mpiga gitaa husafiri na gitaa lake. Mpiga ogani hasafiri na chochote ila viatu vyake, maana ogani ni chombo cha mabomba kilichojengwa ndani ya kanisa. Akifika Freiberg, Ujerumani, anakuta ogani aliyoijenga Gottfried Silbermann mwaka 1714. Akienda Haarlem, Uholanzi, anakuta ya Christian Müller ya mwaka 1738, ile ambayo Mozart aliipiga akiwa mtoto wa miaka 10. Sauti za ogani hizo mbili zinatofautiana kama sauti za watu wawili wa koo tofauti, na kila moja imekaa ndani ya jengo lenye mwangwi wake.

Kwa hiyo unaposema "rekodi hii nzuri kuliko ile", jiulize unasifu nini: mpigaji, chombo, jengo, au fundi aliyechagua mahali pa kuweka maikrofoni? Mara nyingi watu humlaumu mpigaji kwa "kuvuruga" sauti wakati kosa ni la maikrofoni iliyowekwa mbali mno katika kanisa lenye mwangwi wa sekunde nyingi. Ushauri wangu ni mmoja na nitaurudia: shika kitu kimoja, badilisha kingine. Tafuta mpigaji yule yule kwenye ogani mbili, au ogani ile ile chini ya mikono ya watu wawili.

Ogani ndiyo kile kinanda cha kanisani kwetu?

Kinanda chetu cha umeme kina kitufe kinachoiga ogani. Ogani yenyewe ni mabomba, mamia au maelfu, kila moja likitoa noti moja tu kwa kupulizwa upepo. Upepo hutoka kwenye mivukuto, ndugu wa ile ya mhunzi, na zamani walikuwapo watu walioajiriwa kuikanyaga tu. Mabomba hupangwa katika familia zinazoitwa rejista: nyingine zinalia kama filimbi, nyingine kama tarumbeta, nyingine zina kishindo kikavu cha kuongoza waumini. Mpigaji huvuta vishikizo pembeni kuchagua familia zipi zisikike. Vidole vinacheza juu ya safu mbili, tatu au nne za vibao, na miguu ina safu yake ya besi, yaani pedali. Ogani ya Arp Schnitger ya mwaka 1693 katika kanisa la Mtakatifu Yakobo, Hamburg, ina rejista 60 na safu nne za vibao, achilia mbali pedali.

Bach aliwahi kuomba kazi kwenye kanisa hilo mwaka 1720. Hakuipata. Aliyepewa nafasi alilichangia kanisa marki 4,000. Mambo haya hayakuanza jana.

Nitajuaje kwamba ninalinganisha kipande kile kile?

Tumia namba ya BWV. Ni namba ya orodha ya kazi za Bach, nayo haibadiliki iwe maelezo yameandikwa kwa Kijerumani au Kijapani. Usidhani namba ndogo ni kazi ya zamani zaidi, maana orodha imepangwa kwa aina za muziki. Buxtehude ana orodha yake, BuxWV. Bila namba utajikuta unalinganisha preludio (vipande vya utangulizi) mbili tofauti na kubishana na mwenzako wiki nzima. Nimeyaona hayo.

Nianze na kipande gani?

Pasakalia ya Bach, BWV 582. Haina ujanja wa kuficha. Pedali inaanza peke yake na wimbo wa vipimo (baa) vinane, halafu wimbo huo unarudi tena na tena huku juu yake yakijengwa mabadiliko 20, yaani namna 20 tofauti za kuupamba. Baada ya hapo inaingia fyugu, yaani sauti moja inatangulia na wazo, ya pili inalidaka, ya tatu inafuata, mpaka zote ziko mbioni. Nusu ya kwanza ya ule wimbo wa besi Bach aliichukua kwa Mfaransa André Raison, akaiongeza urefu.

Sababu ya kuichagua ni kwamba Bach hakuacha maagizo ya rejista gani zitumike. Mpigaji lazima aamue, na uamuzi wake unasikika waziwazi. Sikiliza mambo manne.

Kwanza ule mwanzo wa pedali. Wako wanaouanza kwa sauti ya chini, kama mtu anayewaza peke yake usiku. Wengine wanaufungulia ogani nzima tangu noti ya kwanza. Hili peke yake linakuambia safari itakuwaje.

Pili, je, anabadilisha rejista katikati? Wapo wanaobadilisha karibu kila badiliko, sauti ikipanda na kushuka kama hadithi. Wapo wanaoshika mpango mmoja wa rejista kuanzia mwanzo hadi mwisho na kuuacha muziki wenyewe ujiongezee uzito. Wa kundi la pili wana hoja nzuri: kwenye ogani za wakati ule kuvuta vishikizo wakati mikono yote miwili ina kazi kulihitaji msaidizi. Mimi niko nao, ingawa nakiri kwamba kwa mgeni wa muziki huu dakika 13 au 14 za rangi moja zinaweza kuchosha.

Tatu, yale mabadiliko ya katikati ambapo pedali inanyamaza na wimbo unahamia juu, umevunjwavunjwa vipande kama shanga zilizokatika uzi. Bado unausikia? Ukikupotea, ama mpigaji amekimbia ama jengo limekuzidi.

Nne, karibu na mwisho wa fyugu. Muziki unapaa, unagonga kordi (noti kadhaa kwa pamoja) moja ya kushtua isiyotarajiwa kabisa, kisha kimya. Hapo ndipo unalisikia jengo lenyewe. Katika kanisa kubwa mwangwi wa kordi ile unaning'inia hewani, na mpigaji mwenye subira anaungoja ufe kabla ya kumalizia. Mwenye haraka anaingia juu yake. Mimi huwa naruka moja kwa moja mpaka hapo nikitaka kumjua mtu kwa sekunde kumi.

Wapigaji gani niwaweke mezani?

Ukiwa na nafasi ya watatu tu, weka Helmut Walcha, Marie-Claire Alain na Ton Koopman.

Walcha (1907–1991) alikuwa Mjerumani aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa kijana. Alijifunza kazi za Bach kwa kupigiwa kila sauti peke yake, akiikariri, kisha akiziunganisha kichwani. Unalisikia hilo. Katika rekodi zake hakuna sauti ya kati inayofichwa nyuma ya ya juu, zote nne zinatembea kama watu wenye heshima sawa. Alirekodi kazi za ogani za Bach mara mbili: kwanza kuanzia mwaka 1947, sauti ikiwa ya njia moja, kwenye ogani ndogo ya Lübeck na ile ya Schnitger iliyoko kijijini Cappel, kisha kuanzia mwaka 1956 kwa stereo, hasa Alkmaar nchini Uholanzi na baadaye Strasbourg. Wengi hukimbilia ya stereo. Mimi nawaambia wasiikatae ile ya kwanza. Ina vumbi kidogo, lakini ogani ya Cappel, iliyojengwa mwaka 1680, ina ukali wa limau ambao hakuna fundi wa sauti anayeweza kuuongeza baadaye. Lawama ya kawaida kwa Walcha ni kwamba ni mkavu, hacheki. Ni kweli hacheki.

Alain (1926–2013) alirekodi kazi zote za ogani za Bach mara tatu, na hapo ndipo utamu wa kulinganisha ulipo, kwa sababu mtu ni yule yule. Mara ya kwanza, kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, alitumia sana ogani mpya zilizojengwa kwa mtindo wa kale, zikiwamo za kampuni ya Marcussen huko Denmark. Ya tatu, ya miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990, aliifanyia kwenye ogani za kihistoria. Zisikilize bega kwa bega. Mwendo wa vidole umebadilika, pumzi kati ya tungo imeongezeka, na sababu moja kubwa ni kwamba vibao vya ogani ya kale vinamfundisha mpigaji. Ni vizito, vina ukinzani, havikubali kila unachokitaka. Mwanamke huyu alisikia utafiti mpya ukitoka, akakubali kwamba upigaji wake wa zamani unaweza kurekebishwa, akarudi kazini. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa kipande chochote kimoja.

Koopman, Mholanzi, alirekodi mkusanyiko wake katika miaka ya 1990, naye kwa ogani za kale. Ana kasi, na ana nakshi nyingi: kila penye noti ndefu anapamba, anatetemesha, anaongeza kona. Asubuhi namfurahia. Jioni nikiwa nimechoka namwona kama mgeni anayeongea wakati wengine wanakula. Lakini usimfute, kwa maana wapigaji wa zama zile walipamba kweli, na ukavu wa Walcha haukuwa desturi ya mwaka 1720.

Wa nne, kwa anayependa historia, ni Albert Schweitzer. Huyu ndiye daktari wa hospitali ya Lambaréné, Gabon. Alirekodi Bach London mwaka 1935 na Strasbourg mwaka uliofuata, na matamasha yake ya ogani yalisaidia kuiendesha hospitali. Huko Gabon alifanya mazoezi kwa piano maalumu yenye pedali aliyopewa na Chama cha Bach cha Paris. Mwendo wake ni wa polepole mno kwa masikio ya leo. Kumbuka pia kwamba santuri za wakati ule zilibeba dakika nne na ushee tu kwa upande mmoja, kwa hiyo kipande kirefu kilikatwakatwa na msikilizaji alinyanyuka kugeuza.

Kwa nini mmoja anaunganisha noti zote na mwingine anazikatakata?

Hili ndilo swali lenye ugomvi mwingi, na linatokana na tabia ya chombo. Kwenye piano ukigonga kwa nguvu sauti inakuwa kubwa. Kwenye ogani gonga utakavyo, bomba linapata upepo ule ule. Sasa mpigaji atakuonyeshaje noti ipi ni muhimu? Amebaki na silaha moja, muda. Noti anaishika kwa urefu gani, na ukimya gani anauacha kabla ya inayofuata.

Mwanzoni mwa karne ya 20 shule iliyotawala, hasa Ufaransa, ilikuwa ya kuunganisha kila kitu. Kinara wake alikuwa Marcel Dupré, mtu aliyepiga kazi zote za Bach za ogani kwa kichwa mjini Paris mwaka 1920, katika matamasha kumi. Alifundisha kwa kanuni kali, kila noti inayorudiwa ipunguzwe kwa kipimo maalumu. Rekodi za shule hiyo zinatiririka kama mafuta.

Baadaye wakaja wapigaji wa muziki wa kale, akina Gustav Leonhardt, waliosoma vitabu vya kale vya mafunzo na kuangalia namna vidole vilivyopangwa zamani. Vidole vile haviruhusu kuunganisha kila kitu. Vinalazimisha pumzi ndogondogo, kama silabi katika usemi. Ukisikiliza vizuri utasikia noti ya kwanza ya kipimo ikiegemewa na ya pili ikiachiwa mapema. Kwa sikio lililozoea kwaya ya kuvuta sauti inaonekana kama kigugumizi. Ipe wiki mbili.

Kipimo changu ni hiki: je, ninaweza kuuimba huo mstari? Bach alikuwa mtu wa kwaya. Mpigaji asiyepumua, awe wa shule yoyote, ananichosha.

Rekodi fulani inasikika juu kuliko kinanda changu karibu noti nzima. Imeharakishwa?

Huenda hapana. Noti ya La (A) kuwa na mitetemo 440 kwa sekunde ni mapatano ya karne ya 20. Zamani kila mji ulikuwa na kipimo chake. Ogani ile ya Hamburg iko karibu toni nzima juu ya kinanda chako, kwa hiyo D yake unaisikia kama E. Freiberg nayo iko juu kwa zaidi ya nusu toni. Ogani nyingi za kale za Ufaransa ziko chini kwa kiasi cha toni nzima.

Zaidi ya hapo, hata umbali kati ya noti si ule wetu. Kinanda cha leo kimegawa oktava sehemu 12 sawa, hivyo kila funguo (ngazi ya muziki, kama ya C au ya G) ina ladha moja. Ogani nyingi za Baroque zilituniwa ili funguo za kawaida ziwe tamu sana na zile za mbali ziwe na uchachu. Ukisikia kordi inayokwaruza katika rekodi ya ogani ya kale, usimpigie simu fundi. Mtunzi huenda aliuweka uchachu ule makusudi mahali penye neno la mateso au kifo. Kipande hicho hicho kwenye ogani ya kisasa kinapita laini, na kitu kimepotea.

Na Wafaransa? Kila mtu anazungumzia Bach tu.

Ni kosa letu. François Couperin alitoa misa mbili za ogani mwaka 1690 akiwa na miaka 21, na Nicolas de Grigny akatoa kitabu chake mwaka 1699, kitabu ambacho Bach alikinakili chote kwa mkono wake.

Kulinganisha hapa ni rahisi kwa upande mmoja: Wafaransa waliandika rejista kwenye kichwa cha kipande, kwa hiyo mpigaji hana pa kujificha. Ni kugumu kwa upande mwingine, kwa sababu noti zilizoandikwa sawasawa walizipiga kwa kuyumba, ndefu-fupi, ndefu-fupi, na kiasi cha kuyumba hakijaandikwa popote. Ni jambo la ladha njema, walisema. Msikilize Michel Chapuis, mmoja wa walioirudisha desturi hiyo, hasa kwenye ogani ya fundi Clicquot ya kanisa kuu la Poitiers iliyokamilika mwaka 1791. Kisha msikilize mtu anayepiga noti zile zile sawasawa kama cherehani. Sitasema zaidi.

Nasikiliza kwa simu. Inatosha?

Kwa fyugu ya juu, ndiyo. Kwa pedali, hapana kabisa. Bomba la futi 16, karibu mita tano, linatoa noti ya chini ya takriban mitetemo 32 kwa sekunde. La futi 32 linashuka hadi 16, ambayo unaihisi kifuani kuliko kuisikia. Spika ya simu haifiki huko hata kwa ndoto. Ukilinganisha Pasakalia kwa spika ya simu umelinganisha ghorofa za juu za nyumba mbili bila kuona misingi. Tumia angalau visikizi vizuri.

Pia sawazisha sauti kabla ya kuhukumu. Rekodi iliyo juu kidogo kwa sauti daima itaonekana "ina uhai zaidi". Nimedanganyika hivyo mara nyingi, pamoja na uzee wangu katika jambo hili.

Kama bando linaruhusu, tazama video. Mradi wa All of Bach wa Chama cha Bach cha Uholanzi, ulioanza mwaka 2014, unaonyesha miguu ya mpigaji na unatazamwa bure. Ukishaiona miguu ikicheza fyugu utaacha kusema pedali ni mapambo.

Ile tokata ya filamu za kutisha, mbona hujaitaja?

BWV 565, tokata, yaani kipande cha kuonyesha wepesi wa vidole. Naipenda, ila kwa kulinganisha ni mtego, maana kila mtu anaipiga kwa kishindo na kishindo kinaficha mengi. Isitoshe, nakala ya mkono ya Bach mwenyewe haipo, tunayo ya Johannes Ringk, na mwaka 1981 mtaalamu Peter Williams alihoji kama kweli ni kazi ya Bach kwa ogani. Mjadala haujaisha. Kama utailinganisha, sikiliza vile vimya vya mwanzo. Hapo ndipo wanapotofautiana.

Virgil Fox alikuwa mzaha?

Mpiga ogani huyo Mmarekani alimpeleka Bach kwenye ukumbi wa roki wa Fillmore East, New York, mwaka 1970, na taa za rangi juu. Wapigaji wanaofuata desturi ya kale walikunja uso. Mimi nasema ukishamsikiliza Leonhardt mwezi mzima, dakika kumi za Fox ni kama soda baridi. Usizinywe kila siku.

Naweza kupiga chochote kati ya hivi kwenye kinanda chetu bila pedali?

Unaweza, ukipata mwenzako. Chukua korale (wimbo wa kanisa uliopangiwa ogani) BWV 639 kutoka kitabu kidogo cha ogani cha Bach. Ina sauti tatu tu: wimbo juu, mtiririko katikati, besi inayodunda chini. Sisi tulimkalisha kijana wa besi upande wa kushoto, akashika mstari wa pedali kwa mkono mmoja, mimi nikachukua mbili za juu. Mara ya kwanza alinikanyaga mguu, sijui kwa nini, maana pedali haikuwapo. Mara ya tatu tuliimaliza, na mama mmoja aliyekuwa akifagia nyuma ya kanisa akauliza kama kuna msiba.